Kiti cha Bi Kaltham

Fundi Marzouq alipitisha kiganja juu ya plasta kutoka ndani kwenda nje, kisha akakirudisha kutoka nje kwenda ndani, polepole, macho ameyafumba. Sajini Harub alisimama kando yake na kofia mkononi. Hakumharakisha. Alikuwa ameshakwenda kwa mafundi watatu wa Ibra kabla ya huyu, na wote watatu walilitazama lile pande la plasta lenye alama ya tairi kwa macho tu, wakasema kile walichodhani polisi wanataka kusikia.

"Sasa lete lile tairi la kijana," alisema Marzouq.

Harub alilibingirisha kutoka nyuma ya Land Rover. Lilikuwa tairi la mbele, la kulia, lililofunguliwa kwenye gari la saluni jekundu la Soud, kijana wa miaka ishirini na mbili aliyekuwa siku ya tisa mahabusi. Kesho adhuhuri faili lake lilitakiwa lipelekwe mahakamani, na mulazim, afisa mkuu wa kituo, alikuwa ameshaweka sahihi.

Siku tisa nyuma, baada ya alasiri, mzee Musallam alikuwa akitembea ukingoni mwa barabara ya Bidiya na mzigo wa majani ya mbuzi kichwani. Gari likatoka lami, likamgonga, likarudi lamini, likaenda zake. Dereva wa tangi la maji alimkuta karibu na magharibi, bado anapumua. Alikata roho njiani kwenda hospitali, na daktari alisema bila kuzungusha maneno kwamba lau mzee angeletwa saa moja mapema, angepona. Mvua ilikuwa imenyesha juzi yake na udongo ulikuwa mbichi, kwa hiyo gari lilipokata kurudi barabarani liliacha alama moja safi, ndefu kama mkono wa mtu. Harub aliimwagia plasta mwenyewe, amepiga magoti kwenye tope, huku askari wawili wakimtazama na kuchekeana.

Alama ile ilionyesha tairi ambalo meno yake ya nje yalikuwa mazima na ukingo wake wa ndani ulikuwa kipara, upana wa vidole vitatu. Gari lililoteremshwa ndilo linalokula tairi hivyo. Springi zimekatwa, tumbo limekaribia lami, na magurudumu yamelala, sehemu ya juu imeinamia ndani. Saluni ya Soud ilikuwa imeteremshwa, na tairi lake lilikuwa na kipara cha vidole vitatu. Kwa mulazim, hesabu imekwisha.

"Weka kiganja hapa," alisema Marzouq. "Juu ya tairi la kijana. Toka ndani kwenda nje."

Harub akaweka. "Laini."

"Rudi."

Harub akarudisha mkono, akaunyanyua haraka. Kila jino lilikuwa na ncha.

"Msumeno," alisema fundi. "Sasa weka kwenye plasta. Nenda, rudi. Unasikia ncha?"

"Sisikii."

"Huwezi kusikia, haimo. Kijana amekata springi akaondoka zake, hakufanya alaimenti. Magurudumu yake kila moja linatazama kwake. Tairi kama hilo haliviringiki, bwana afande, linaburutwa. Hili la plasta limelala, ni kweli, kwa sababu gari liko chini. Lakini linatazama mbele sawasawa. Kuna mtu alilipima, akalipima vizuri."

"Nani?"

Marzouq alichukua kitambaa, akajifuta mikono ambayo haikuwa michafu. Alizaliwa Tabora, akakulia kwenye gereji za reli, na Kiswahili chake cha bara kilikuwa kikimchekesha Harub siku zote. Siku hiyo hakumchekesha.

"Wenzangu gari lililokatwa springi hawalipimi," alisema. "Wanalifukuza. Mimi napima kwa uzi na chaki, halafu naweka vibati mpaka linyooke. Nimepima moja tu la namna hiyo tangu nifungue hapa. Na mwenyewe unamjua kuliko mimi. Yule bwana mkubwa wa mwili, karani wa maji. Unacheza naye karata."

Harub aliinama, akalifunga lile pande la plasta ndani ya blanketi. Alilifunga vizuri, akakaza kamba, ingawa halikuhitaji kukazwa.

Huyo alikuwa Mahrous. Katika Ibra yote, Mahrous ndiye mtu wa pekee ambaye Harub alizungumza naye bila ya kutafuta neno. Miaka kumi na tatu tangu waje nchi hii ya Waarabu kutoka Unguja, na barazani Harub bado alikuwa "Mzinjibari", Kiarabu chake bado kikichekewa na vitoto. Mke hakuwa naye tena. Jioni zake zilikuwa kahawa, karata na Mahrous, na pasipo Mahrous zilikuwa kahawa.

"Alikata springi za nini?" aliuliza. Jawabu alikuwa nalo, lakini kazi ni kuuliza.

"Kwa ajili ya mama yake. Bi Kaltham nyonga zilikufa, hawezi kupandisha mguu. Walimwangusha siku moja wakimpakia kwenda hospitali Nizwa. Mwanawe akaja hapa na msumeno wake mwenyewe, akaniambia, teremsha gari mpaka mama akae kama anakaa kwenye kirago. Watu wakamcheka, mtu mzima ana gari la kihuni." Fundi alitikisa kichwa. "Mimi gari silipimi tupu. Namuuliza mwenyewe, hupanda nani? Huyo namkalisha mahali pake, ndipo navuta uzi. Bi Kaltham alikaa kiti cha mbele kulia, cha abiria, maana usukani huku uko kushoto, saa mbili nzima. Alikunywa chai yangu yote na kuniambia uzi umekwenda upande. Na kweli ulikuwa umekwenda upande."

"Na alipokufa?"

"Nilimwambia Mahrous, lete gari tulipime upya. Uzito wa kulia umeondoka, upande ule utanyanyuka, gari litavuta kulia. Akakataa. Akasema mama ataendelea kwenda naye. Akaweka makanda mawili ya tende kitini, kilo tisini kamili, akayafunga kamba."

Harub aliyajua yale makanda. Alikuwa akiyakuta kitini na yeye akikaa nyuma, mji mzima ukimtania kwamba amepata dereva.

"Na makanda yakitolewa?"

"Ukishika usukani husikii kitu. Ukiuachia kidogo tu, ukajikuna, ukajifuta uso, litatoka lami."

"Upande wa kulia?"

"Nimeshasema, afande. Kulia."

*

Kituoni, mama yake Soud alikuwa amesimama langoni kama alivyosimama siku nane zilizopita, na kifurushi cha chakula ambacho mlinzi hukipokea bila ya kumtazama. Harub alimsalimu. Hakumwambia lolote, kwa sababu hakuwa na hakika, na mtu aliyesimama juani siku tisa hapewi matumaini ya kubahatisha.

Soud aliletwa chumbani, macho mekundu. Ujogoo wote wa siku ya kwanza ulikuwa umemtoka.

"Ulisema alasiri ile ulikuwa nyumbani umelala," alisema Harub kwa Kiarabu.

"Ndiyo."

"Jirani yenu hakuliona gari."

Soud alikunja ncha ya kanzu yake, akaikunjua.

"Soud, nimetoka kwa fundi sasa hivi. Tairi lako si lile. Mulazim haamini tairi, anaamini uongo wako. Ulikuwa wapi?"

Kijana alitazama mlango. "Bidiya, mchangani. Tulikuwa tunashindana. Gari likazama, tukalivuta kwa kamba mpaka magharibi. Baba aliniapia, akisikia nimeshindana tena, atanifukuza."

"Nani alikuvuta?"

Soud alitaja watu wanne. Harub aliandika majina yote, akapiga simu mbili, na kufikia adhuhuri watatu kati ya wanne walikuwa wameshasema kitu kile kile, wa tatu akilalamika kwamba kamba ilikuwa yake na haijarudi.

Mulazim alisikiliza, akapiga kalamu juu ya meza.

"Rafiki wa mtuhumiwa atasema lolote. Una gari jingine?"

"Huenda ninalo."

"La nani?"

"Nipe mpaka magharibi, sidi."

"Kesho adhuhuri faili linaondoka. Na wewe Harub, ukiwa na jina, jina hilo ulilete leo."

Alitoka akakaa ndani ya Land Rover bila ya kuwasha moto. Angeweza kunyamaza. Plasta ilikuwa yake, ingeweza kuanguka ikavunjika, na fundi hakuna aliyemuuliza. Soud angefungwa, miaka miwili labda, na jioni karata zingeendelea. Alilifikiri hilo mpaka mwisho wake, kisha akaona haya, akawasha gari.

*

Mahrous alimfungulia mlango mwenyewe, kanzu ya nyumbani, kifua wazi, mwili ule ule mzito wa mama yake.

"Yakhe! Leo mapema. Ingia, kahawa iko motoni."

"Kahawa baadaye. Nataka gari lako."

"La kwako limekufanya nini?"

"La kwangu zima. Nataka lako. Na wewe uje."

Mahrous alimtazama kidogo, kisha akaingia ndani, akatoka amevaa dishdasha safi na kofia. Alichukua muda kulifunga komeo la mlango, jambo ambalo watu wa mtaa ule hawalifanyi mchana.

Saluni nyeupe ilikuwa imeegeshwa ukutani, chini kabisa, gurudumu la mbele la kulia limegeuzwa nje. Harub alichuchumaa. Kipara cha vidole vitatu. Alipitisha kiganja, akakirudisha. Laini huku, laini huku.

Kisha akatazama kitini. Makanda mawili yalikuwepo, yamefungwa kamba kama siku zote. Harub alikuwa ameyaona juzi, na jana, bila ya kuyatazama. Bi Kaltham alikuwa akishona makanda yake kwa uzi wa kijani, tende za mtende wake mwenyewe, na haya yalikuwa yameshonwa kwa kamba ya nailoni ya sokoni.

"Haya umeyanunua wapi?"

"Nizwa."

"Lini?"

"Wiki iliyopita." Mahrous aliingia kiti cha nyuma. "Endesha wewe, kama ndiyo unalotaka."

Walikwenda barabara ya Bidiya. Pale ambapo barabara imenyooka, Harub aliachia usukani akaweka mikono magotini. Gari lilikwenda sawa, likapita nguzo ya kwanza ya simu, ya pili, ya tatu, halikusogea hata shibri moja. Aliushika usukani, akasimamisha gari mahali ambapo majani makavu ya mbuzi yalikuwa bado yametapakaa kando ya lami.

"Teremka, Mahrous. Unisaidie makanda."

Waliyateremsha wawili, wakayavusha mpaka ukingo wenye majani. Mahrous alibaki amesimama kando yake, mikono pembeni.

"Nisubiri hapa," alisema Harub.

Aliendesha kuelekea Bidiya mpaka Mahrous akawa mdogo kama kidole. Akageuza. Akatia mwendo wa kawaida, mwendo wa mtu anayerudi nyumbani, na nguzo ya kwanza ilipopita akaachia usukani. Mwanzo hakuona kitu. Nguzo ya pili, mstari wa lami ulikuwa umemsogelea. Nguzo ya tatu, gurudumu la kulia liligusa changarawe, gari likaanza kutetemeka, na mbele yake, kwenye ukingo ule ule, Mahrous alikuwa amesimama na makanda yake, anakua. Hakupiga kelele wala hakunyanyua mkono. Hakusogea.

Harub alikamata usukani kwa mikono miwili, akauvuta kushoto. Gari lilipita hatua tano kutoka kwa Mahrous, likasimama mbele, vumbi likalifunika.

Alishuka, akarudi kwa miguu.

"Kwa nini hukusogea?"

"Nalitaka nijue mzee aliona nini."

Harub alitoa daftari. Aliandika tarehe, saa na mahali, kwa sababu hiyo ndiyo kanuni, na kanuni ilikuwa kitu cha kushika.

"Makanda ya mama yalikuwa wapi siku ile?"

"Ilikuwa arubaini yake, Harub. Nalipika bokoboko, nikaalika khitma. Watu wa hapa hawana arubaini, wanasema tumekuja nayo sisi kutoka Unguja. Hakuja mtu. Wewe ulikuwa Sur."

"Nilikuwa kazini."

"Najua, sikulaumu. Nalikaa mpaka adhuhuri na sufuria nzima. Nikasema tende za mama zisikae, ni siku yake, zitolewe sadaka. Nikazichukua mpaka Bidiya, nikawagawia wale vibarua wanaochimba mfereji wa falaji, makanda yote mawili. Wakamwombea dua. Watu wasiomjua, lakini walimwombea." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nalirudi gari tupu. Nikatazama kile kiti. Siku arubaini sikukitazama, siku ile nikakitazama, machozi yakanijia, nikayafuta hivi hivi. Nikasikia kishindo."

"Ulisimama?"

"Mbele, pale ulipolisimamisha wewe. Nalishuka."

"Ukamwona?"

"Nilimwona. Alikuwa anasema maji."

Harub aliandika.

"Kwa nini hukumpakia?"

Mahrous aliitazama mikono yake. "Nalimshika mabega. Nikamfikiria mama tulipomwangusha. Nikaogopa nitamuua. Halafu nikaogopa ameshakufa. Halafu nikawa niko ndani ya gari, naendesha. Sina maneno mazuri kuliko hayo."

"Daktari alisema saa moja mapema."

"Nalisikia. Uliniambia wewe, tukicheza karata."

Ilikuwa kweli. Na jioni ya ajali yenyewe Mahrous alikuja na sufuria ya bokoboko, akamkuta Harub ndiyo kwanza amefika kutoka Sur, wakacheza, na Mahrous akafungwa mara tatu mfululizo, jambo lisilokuwa lake. Askari alipogonga mlango kumwita Harub barabarani, Mahrous ndiye aliyezikusanya karata. Alisema kazi ni kazi, nenda.

"Siku tisa," alisema Harub, na hapo sauti ilimpanda. "Kuna mtoto wa watu yuko ndani siku tisa! Mama yake anasimama juani. Umekaa kwangu kila jioni, unakunywa kahawa yangu, hukuniambia!"

"Nalishindwa kukwambia. Kila nikifungua mdomo nasema turufu gani." Mahrous alilitazama gari. "Lakini sikulificha. Tairi sikulibadilisha, wala sikuliosha. Kila jioni nalipaki mlangoni kwako, gurudumu nimeligeuza nje. Nikasema, huyu kazi yake ni kutazama. Leo atatazama. Ukapita kila siku, ukaniambia karibu."

Harub alifunga daftari. Mambo yalikuwa hivyo hivyo. Siku tisa alikuwa ametafuta tairi lile Ibra, Bidiya mpaka Ashkhara, na kila jioni alilipita kwa hatua mbili akikimbilia kucheza.

"Twende," alisema.

Makanda aliyatia kwenye buti, kwa kuwa sasa yalikuwa ushahidi. Mahrous alishika mlango wa nyuma, akasita.

"Kaa mbele," alisema Harub.

Mahrous akakaa kiti cha mama yake. Ilimbidi ajikunje kidogo, halafu gari likamkubali, likashuka upande wake kama lililomzoea. Harub aliendesha. Penye mnyooko, bila ya kukusudia sana, alilegeza vidole, kisha akavitoa. Nguzo zikapita, moja, mbili, tatu, nne. Gari lilikwenda katikati ya njia yake, limenyooka, halitaki kitu.

"Marzouq fundi," alisema Mahrous.

"Fundi," alisema Harub.

Wakafika langoni. Mama yake Soud alikuwa bado pale. Harub aliteremsha kioo.

"Usiondoke, mama. Leo utakwenda naye."

Mwanamke alimtazama, akamtazama na mtu aliyekaa kando yake, na akaelewa nusu. Alimwombea Harub dua hapo hapo, kwa sauti, Mungu ampe maisha marefu na watu wa kumpenda. Mahrous aliitika amin.

Ndani, mambo yalichukua muda usiozidi kikombe cha chai. Mahrous alitia sahihi, akavua saa na mshipi, akavitia ndani ya bahasha. Kofia alimpa Harub.

"Sufuria ya bokoboko iko kwako," alisema. "Usiiache ikashika kutu."

Mulazim alisema vizuri, kazi nzuri, sasa gari likawekwe kwenye ua wa ushahidi. Ua huo uko kilomita mbili nje ya mji, njia ya Bidiya. Askari alijitolea kulipeleka. Harub alisema atalipeleka mwenyewe.

Alipofika kwenye lami iliyonyooka jua lilikuwa bado liko juu ya mitende. Kofia ya Mahrous ilikuwa kwenye kiti cha kulia, na kofia haina uzito. Gari likaanza kuvuta, kidogo kidogo, upande wa kulia. Harub aliushika usukani kwa mikono miwili, akaushika hivyo mpaka mwisho wa njia.